Mshono mfupi kwanza, vitambaa vya makochi baadaye

Anayeanza kujifunza kroshia Lamu mara nyingi huanzia pagumu. Nyumbani kwao kuna vitambaa vyeupe juu ya makochi, kuna cha trei, kuna cha meza ya sebuleni, na hivyo ndivyo anavyovitamani. Basi humwomba mamake au shangazi yake vifaa, naye hupewa vilivyomo mkobani: uzi mweupe mwembamba wa pamba na sindano ya chuma ya milimita 1.25. Baada ya nusu saa macho yanamuuma, vidole vimekakamaa, na kilichomo mkononi ni kifundo kilichoingia uchafu wa jasho. Huishia kusema kwamba hana mkono wa kazi hii. Mkono anao. Uzi ule ni wa mtu anayejua tayari sindano iingie wapi, kwa kupapasa tu. Anayeanza anahitaji kuona, na katika uzi wa namna hiyo hakuna anachoweza kuona.

Mshono wa kujifunzia ni mmoja: unaingiza sindano, unavuta uzi, unavuta tena, umekwisha. Hapa nauita mshono mfupi. Katika maelezo ya Kimarekani huandikwa sc, kifupi cha single crochet, katika ya Kiingereza cha Uingereza huandikwa dc, yaani double crochet, na watu hupotea hapo kwa sababu dc ya Marekani ni mshono mwingine, mrefu zaidi. Njia ya kujua ni rahisi. Ukiona sc popote katika maelezo, yameandikwa kwa mtindo wa Marekani, maana mtindo wa Uingereza hauna sc kabisa. Ukiwa na mchoro badala ya maneno, mshono huu ni alama ya msalaba mdogo, + au ×, na hapo Marekani na Uingereza wanapatana.

Uzi wa kuanzia uwe mnene kiasi, aina ambayo lebo yake inataja sindano ya milimita 4 au 5. Uwe laini, usiwe na manyoya, na uwe wa rangi nyepesi isiyo nyeupe: samawati, waridi, manjano ya embe. Nyeusi na buluu iliyokoza huficha mishono. Nyeupe huonyesha kila alama ya kidole. Madukani uzi mnene wote huitwa sufu, ingawa mwingi wake ni akriliki na haujawahi kumkaribia kondoo. Akriliki ni ya bei nafuu na huvutika, kwa hivyo humvumilia mwenye mkono mzito. Ubaya wake huonekana wakati wa maleleji, kaskazi imekatika na kusi haijashika, hewa imesimama: hung'ang'ania vidole vyenye jasho na kukwama kwenye sindano. Pamba haivutiki na huchosha kiganja mapema, lakini huteleza, na kila mshono unaonekana ulivyokaa. Kwa mtu wa Lamu ningechagua pamba, tena ile yenye kumeta kidogo. Hiyo imepitishwa kwenye soda kostiki kiwandani, njia iliyotokana na ugunduzi wa John Mercer huko Uingereza mwaka 1844. Kwa mfumaji faida yake si kumeta bali ni kwamba uzi hauchanuki ovyo sindano inapopita.

Sindano iwe ya alumini, milimita 4 au 5. Usitegemee namba peke yake, hasa sindano za kurithi. Namba za zamani za Uingereza huenda kinyume: namba 8 ni milimita 4, namba 6 ni milimita 5, yaani namba ikipanda sindano inapungua. Wamarekani hutumia herufi, G kwa milimita 4 na H kwa milimita 5. Ikiwa alama imefutika, zungushia ukanda mwembamba wa karatasi kwenye mwili wa sindano, mara moja tu, tia alama ukanda unapokutana, upime, kisha ugawe kwa 3.14. Ukipata milimita 12 na nusu hivi, hiyo ni sindano ya 4; ukipata karibu 16, ni ya 5. Pima mwili mnyoofu, usipime shingo karibu na kijino, ile ndoano ya nchani, maana kinachoamua ukubwa wa kitanzi ni mwili.

Sindano za chuma zina shida yake katika mji wa bahari. Upepo wa chumvi huzila, na kutu kidogo kabisa kwenye kijino hutosha kukwaruza uzi na kuacha doa la rangi ya udongo kwenye kitambaa cheupe. Zifute kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza kazi, maana jasho la mkono nalo ni chumvi, kisha uziweke kwenye kopo linalofungika pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Wakati wa kusi zipake tone la mafuta ya cherehani, na uyafute yote kabla ya kufuma. Mafuta ya nazi yaache jikoni, yanatia doa. Kama kutu imeshaingia kwenye kitambaa, kamulia limau, nyunyiza chumvi, anika juani kwa saa moja huku ukilowesha tena likikauka, kisha suuza sana. Usitie Jiki: dawa za klorini huifanya kutu ishike zaidi.

Pa kukaa pia pana maana. Nyumba za mawe za Mkomani zina kuta nene na vyumba vya ndani vyenye giza hata saa sita mchana, na mshono mfupi husomwa kwa kivuli kidogo kilicho chini ya kila kitanzi. Kaa dakani, pale ukumbi wa mlangoni, au kiwandani, yaani ua wa ndani wa nyumba, mwanga ukija kutoka upande wa mkono wa kushoto ikiwa unafuma kwa wa kulia, ili mkono wako usijitie kivuli. Donge la uzi litie kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, utoboe tundu kifunikoni, na kingo za tundu uzilainishe kwa msasa. Kopo hilo linazuia mchanga, tena linazuia paka. Kwa wingi wa paka wa Lamu, donge lililoachwa wazi sakafuni halikai dakika kumi.

Sasa mikono. Wa kulia hushika sindano, ama kama kalamu ama kama kisu cha kukatia mkate, na mabishano kuhusu ipi ni bora hayana mwisho wala faida. Shika kwa namna isiyokuchosha upesi. Kazi ngumu iko mkono wa kushoto, na mafunzo mengi huipita haraka. Mkono huo unafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: unashikilia kitambaa, na unatoa uzi kwa kipimo. Uzi unaotoka kwenye donge upitishe kati ya kidole cha mwisho na cha pete, uzungushe mara moja kidole cha mwisho, upite chini ya vidole viwili vya kati, kisha upande juu ya kidole cha shahada. Kidole gumba na cha kati vishike kazi yenyewe, karibu kabisa na sindano. Kidole cha shahada kiinuliwe ili uzi ukae wima umekazika kidogo, sindano ipate cha kunasa. Mkono ukiwa na jasho, uzi uliozungushwa kidole cha mwisho hukwama, na hapo kila kitanzi hubana. Acha kuuzungusha, upitishe tu kati ya vidole, na ujipake poda kidogo.

Anayetumia mkono wa kushoto hubadilisha kila kitu: sindano kushoto, uzi kulia, na safu huenda kutoka kushoto kwenda kulia. Akifundishwa na mtu wa mkono wa kulia asikae ubavuni mwake. Akae mbele yake, wakitazamana, aige anachokiona kama anavyojitazama kwenye kioo. Kwa wa mkono wa kulia ni kinyume, yeye akae ubavuni.

Fundo la kwanza hufungwa hivi. Acha mkia wa sentimita 15. Fanya duara, upande wa donge ukipita juu ya mkia. Ingiza sindano ndani ya duara, nasa uzi wa upande wa donge, si mkia, uutoe kama kitanzi. Vuta mkia fundo lishike, kisha vuta upande wa donge kitanzi kipungue hadi kikae kwenye sindano bila kuibana. Kipimo ni hiki: kitanzi kiteleze juu na chini ya mwili wa sindano, lakini sindano ikiinamishwa kisidondoke.

Mnyororo wa msingi ndio unaofuata. Pitisha uzi juu ya sindano kutoka nyuma kuja mbele, unase kwa kijino, geuza kijino kitazame chini, na uutoe kupitia kitanzi kilichopo. Hiyo ni pete moja. Kugeuza kijino ndiko wanakosahau. Kikitazama juu hukwama kwenye kitanzi kila mara, na mtu hudhani uzi ndio mbaya. Baada ya kila pete mbili au tatu, sogeza kidole gumba na cha kati juu, vishike pete mpya. Vikishika mbali, mnyororo hucheza na kila pete hutoka na ukubwa wake.

Pete zibane kiasi gani? Kila pete ijengewe kwenye mwili wa sindano, si kwenye shingo. Shingo ni nyembamba, na pete iliyofungwa pale haitaipitisha sindano tena utakaporudi. Kubana mnyororo ni tabia ya karibu kila anayeanza, kwa sababu anaogopa utafumuka. Hautafumuka. Kama huwezi kuilegeza mikono, fuma mnyororo kwa sindano ya milimita 5, kisha safu zote kwa sindano ya milimita 4. Wafumaji wazoefu wenye mkono mzito hufanya hivyo hivyo.

Hesabu pete 16. Ugeuze mnyororo upande wa mbele ukutazame: utaona mfululizo wa V. Kila V ni pete moja. Kitanzi kilicho kwenye sindano hakihesabiwi, na fundo la mwanzo halihesabiwi. Ukigeuza upande wa nyuma utaona vinundu vilivyopangana, kimoja kwa kila pete. Vinundu hivyo tutavirudia.

Ruka pete ya kwanza iliyo karibu na sindano. Ingiza sindano katika pete ya pili, chini ya uzi mmoja wa juu wa ile V. Nasa uzi, uutoe kupitia hiyo pete tu. Sasa una vitanzi viwili kwenye sindano. Nasa uzi tena, uutoe kupitia vitanzi vyote viwili. Kimebaki kimoja. Huo ndio mshono mfupi, mzima. Nenda pete inayofuata, ufanye vilevile, mpaka mwisho. Pete 16, ukaruka moja, ni mishono 15. Hesabu kabla hujageuza.

Kuna mahali sahihi zaidi pa kuingiza sindano katika safu hii ya kwanza, navyo ni vile vinundu vya nyuma. Ukifuma ndani yake, upande wa chini wa kitambaa hubaki na V nzima zilizojipanga, sawa na upande wa juu, na kitambaa huonekana kimekamilika bila kuwekewa ukingo. Lakini kwa mara ya kwanza nenda na uzi wa juu. Safu ya kwanza ni ngumu kuliko zote, kwa kuwa unafuma juu ya kitu kisicho na uzito, kinachojinyonganyonga. Kuanzia safu ya tatu kitambaa huwa na mwili wa kushika, na mtu huanza kupumua.

Safu ya pili: fuma pete moja ya kupandia, ugeuze kazi kama unavyofungua ukurasa. Sasa juu ya safu uliyoimaliza kuna V zinazolala. Ingiza sindano chini ya nyuzi zote mbili za V, si moja. Ukichukua ule wa nyuma tu, ule wa mbele hubaki kama mstari unaokatiza kitambaa. Huo ni urembo ukiukusudia, na ni kasoro ukitokea safu hii na usitokee ile. Pia usiingize kati ya mshono na mshono. Utapata matundu, na safu itasogea nusu hatua kila mara.

Pindo ndipo kazi nyingi huharibikia. Tatizo la wanaoanza, karibu wote, ni kwamba walianza na mishono 15 na katika safu ya kumi wana 11, au wana 19, na hawakuhisi kitu. Mwenye kusuka ukili anajua jambo hili kwa miyaa: katikati hujiendea, pindo ndiyo inayoonyesha msukaji alikuwa macho au la. Katika kroshia pindo ina mitego miwili, mmoja mwanzo wa safu, mmoja mwisho.

Mwanzo wa safu: ile pete moja ya kupandia haihesabiwi kuwa mshono. Kwa hivyo mshono wa kwanza unaingia katika V ya kwanza kabisa, ile iliyo chini ya pete hiyo hiyo. Inaonekana imebanana mno na pete, na jicho huvutwa kwenda V ya pili kwa kuwa iko wazi. Ukiifuata ya pili umepoteza mshono mmoja. Ukifanya hivyo kila safu, kitambaa chako kinakuwa pembetatu.

Mwisho wa safu mtego ni wa namna nyingine. V ya mwisho ni ile uliyoifuma kwanza katika safu iliyopita, nayo kwa kawaida imekaza na kuinama upande. Baada yake kuna kifundo kidogo, ambacho ni ile pete ya kupandia. Mwenye kuisahau V hubaki na 14. Mwenye kufuma juu ya kifundo hupata 16. Kwa hivyo namba yenyewe hukwambia kosa liko wapi: ikipungua umeruka, ikizidi umefuma juu ya pete, au umeingiza mara mbili shimo moja.

Dawa ya mitego yote miwili ni alama. Mara tu unapomaliza mshono wa kwanza wa safu, tia pini ya mtandio, ile ya kufunga, katika V yake. Ukirudi, mshono wako wa mwisho utaingia pale pale penye pini, hata kama pamejificha. Toa pini, geuza, fuma wa kwanza, irudishe. Pini moja inatosha kitambaa kizima. Pini nyoofu isiyofungwa itaanguka, na itapatikana kwa unyayo.

Na hesabu kila safu. Si kila safu ya tano. Mtu akikaa na bibi anayefundisha, atasikia mazungumzo ya namna moja mchana kutwa: "Bibi, zimekuwa kumi na nne." "Fumua, mwanangu." "Safu yote?" "Mpaka pini." Kufumua mshono mfupi ni jambo jepesi: toa sindano, vuta uzi upande wa donge, mishono hutoka mmoja mmoja, kisha rudisha sindano ndani ya kitanzi kilichobaki. Angalia kitanzi kirudi bila kujipinda. Uzi ukishafumuliwa mara nyingi huchoka na kuchanuka. Kata kipande hicho, utumie kipya.

Makosa mengine yote husomwa kwa umbo la kitambaa. Chini pakiwa pafinyu na juu pakipanuka, huku hesabu ni 15 kila safu, mnyororo ulibana kuliko safu zake. Hauwezi kurekebishwa, anza upya kwa sindano kubwa. Kitambaa kikiwa kigumu, kinasimama chenyewe, sindano ni ndogo kwa uzi huo au unavuta uzi baada ya kila mshono. Tabia hii ya pili ni ya kuachwa mapema. Mshono ukishamalizika haukazwi. Mishono ya urefu usiolingana hutokana na kile kitanzi cha kwanza unachokitoa kwenye V: safari moja unakitoa kifupi, safari nyingine unakivuta juu. Kitoe kila mara hadi usawa wa kitanzi kilichopo tayari kwenye sindano, hapo ndipo unase wa pili.

Kuna kosa moja lisiloonekana upesi. Uzi unaponaswa, unapaswa kupita juu ya sindano. Wengine, bila kujua, hupeleka sindano juu ya uzi na kuunasa kutoka chini. Mshono hupatikana, lakini miguu yake hupishana kama ×, na kitambaa hubana zaidi. Wapo wanaofanya hivyo makusudi, kwa mfano katika vidoli, ili pamba ya ndani isichungulie. Ubaya ni kuchanganya. Kitambaa chenye safu mbili za namna moja na tatu za namna nyingine huonekana kimefumwa na watu wawili waliogombana.

Kuhesabu safu ukishasahau: kitambaa kinachofumwa kwenda na kurudi kina matuta na mabonde, kwa sababu safu moja inaonyesha uso na inayofuata inaonyesha mgongo. Tuta moja na bonde lake ni safu mbili. Mabonde 9 ni safu 18. Kwa mishono 15 na sindano ya milimita 4 upana utakuwa karibu sentimita 9 au 10, kutegemea mkono, na safu 18 hivi hukaribia kufanya mraba. Fuma mraba huu mpaka pindo zote mbili zinyooke bila wewe kuzifikiria, ndipo uende kwenye kitu cha kutumika.

Kitu cha kwanza kinachofaa ni kitambaa cha kuogea au cha kuoshea vyombo. Pete 31, mishono 30, safu 35 hivi, na donge moja la gramu 50 la pamba kwa kawaida linatosha. Ukitaka kishikio cha sufuria fuma vipande viwili, uviunganishe kwa mshono mfupi kuzunguka pande zote nne, na hapo sharti pamba iwe pamba kweli. Akriliki huyeyuka kwenye chuma cha moto na kugandia ngozi. Uzi ukielekea kuisha na hujui kama unatosha safu mbili zaidi, ukunje uliobaki katikati, tia fundo legelege pale katikati, anza safu. Ukifika fundo kabla ya mwisho wa safu, safu ya pili haipo. Fumua kipande hicho na uishie hapo.

Kumaliza: kata uzi ukiacha sentimita 15, utoe mkia mzima kupitia kitanzi cha mwisho, ukaze. Kisha mkia upitishe ndani ya mishono kwa sindano butu yenye tundu kubwa, sentimita 4 kwenda, ruka uzi mmoja, rudi sentimita 4, halafu mara ya tatu kuelekea upande mwingine. Kwenda tu bila kurudi hutoka katika kufua kwa pili. Fundo la ziada usifunge, linatokeza na kukwaruza.

Kitambaa kipya kikiwa kimejikunja pembe, kiloweshe, kikamue kwa kukibana ndani ya taulo, kitandaze juu ya taulo kavu, kinyooshe kwa mkono hadi kipimo chake na utie pini pembeni. Kikauke kivulini. Jua la Lamu hupausha rangi, na akriliki ukiipiga pasi hulegea isirudi tena. Maji ya kusuuzia yawe matamu. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na pamba iliyosuuzwa humo hukauka ngumu, mishono yake imekakamaa. Kama maji matamu ni ya kupima, yaweke kwa suuzo la mwisho tu.

Wanaume na vijana huuliza upesi kuhusu kofia. Zile kofia za mkono za Lamu hudariziwa kwa sindano ya kushonea juu ya kitambaa, tundu kwa tundu, na hazihusiani na kroshia. Lakini kofia ya kroshia ipo, na mshono mfupi unaiweza. Anza na mishono 6 katika duara, mzunguko wa pili 12, wa tatu 18, wa nne 24, yaani unaongeza 6 kila mzunguko kwa kufuma mara mbili katika V moja, sehemu sita zilizopishana sawa. Ukiongeza chini ya hapo duara hujikunja kama bakuli, ukizidisha hufanya mawimbi. Kichwa cha sentimita 56 kinataka duara la upana wa karibu sentimita 18. Ukifika hapo acha kuongeza, zunguka tu, nao ukuta utashuka. Mshono mfupi ukizungushwa bila kugeuzwa huinama kidogo kuelekea kulia kwa mfumaji wa mkono wa kulia. Ndivyo ulivyo. Basi urembo wa mistari iliyosimama wima usiupange katika kofia hiyo.

Vitambaa vya makochi navyo vimejengwa zaidi kwa mshono mrefu, ule wa kunasa uzi mara moja kabla ya kuingiza sindano, na mnyororo mwingi wa kufanya matundu. Mikono iliyozoea mshono mfupi huupata mrefu kwa jioni moja, isipokuwa mahali pamoja: kanuni ya pindo inageuka. Katika mshono mrefu pete za kupandia ni 3, nazo huhesabiwa kuwa mshono wa kwanza. Kwa hivyo V ya kwanza, ile uliyofundishwa usiiruke kamwe, sasa unairuka, na mwisho wa safu unafuma juu ya pete ya tatu ya zile za kupandia. Weka pini kwenye pete hiyo ya tatu mara tu unapoifuma, kabla hujafuma mshono mwingine wowote.